Kucha za Bibi Mkunga

Jumapili, tarehe 3 Machi
Baada ya ibada mwenyekiti wa akina mama akatugawia wagonjwa wa kutembelea. Mimi nimepata Bibi Mkunga, aliyenizalisha mimi na nusu ya mtaa. Miezi sita haonekani kanisani, yuko kitandani tu, wanasema amekata tamaa. Jumamosi mwanawe anakuja kumchukua akaishi kwake, mbali huko. Bibi hataki, nyumba ile kaijenga kwa jasho lake. Lakini mwanawe anasema mtu asiyeweza kutembea hawezi kukaa peke yake, na hapo nani atambishia? Mwenyekiti kasema tuombe kwa bidii. Haya. Nina sare kumi na mbili za kushona na mdomo usiojua kunong'ona, lakini haya.

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Tumekwenda watatu. Tumeomba dakika arobaini — roho ya kukata tamaa imtoke, miguu ipate nguvu. Bibi kaitikia amina mara mbili kabla hatujamaliza. Nimesahau miwani yangu kwake.

Jumanne, tarehe 5 Machi
Nimerudi kufuata miwani. Nimemkuta blanketi limeteleza, nikaona miguu. Jamani, kucha! Zimejikunja hadi chini ya vidole. Akafunika haraka kama msichana. Nikamuuliza waziwazi, mimi sijui kuzungukazunguka. Akasema tangu ateguke nyonga hawezi kuinama, viatu havimwingii, akikanyaga ni maumivu matupu. Basi amelala. Sasa mbona hukusema, Bibi? Akanijibu taratibu: mnakuja na Biblia, mwanangu, hajaja mtu na mkasi.

Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miezi sita tunamkemea shetani, kumbe ni kucha.

Jumatano, tarehe 6 Machi
Beseni, maji ya moto, chumvi. Kikata kucha kimeshindwa, ni ngumu mno. Ikabidi mkasi wangu mdogo, ule wa matundu ya vifungo. Mikasi yangu simruhusu mtu akatie hata karatasi — mume wangu aliwahi kukatia pakiti ya maziwa, nikamnunia wiki nzima. Leo nimeutoa mwenyewe, kwa hiari.

Mguu wa kulia umechukua saa moja na nusu. Kumbe Bibi anatekenyeka! Kapiga teke beseni, nikalowa mpaka kifuani. Tumecheka hadi jirani akachungulia. Kanisimulia nilivyozaliwa: nilitoka napiga kelele, na sijanyamaza mpaka leo. Halafu akanisimamia kikazi, maana mkunga hastaafu — usikate pembeni, utanizalishia usaha. Mguu wa kushoto kakataa. Kidole gumba kimevimba, kilowekwe kila siku kwanza, kucha zitakatwa Jumamosi.

Habari ya Bwana kuwaosha wanafunzi miguu naisikia tangu utotoni. Sikuwahi kuwaza kwamba huenda miguu ile ilinuka. Nimerudi nyumbani mgongo unauma, na nina furaha ya ajabu.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Nimemshonea viatu laini vya kitambaa, wazi mbele. Hatua saba hadi dirishani! Kakaa pale anawakagua wapita njia: yule nilimzalisha, yule pia, yule alitanguliza miguu.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Mwenyekiti kaja, kamkuta Bibi kasimama jikoni anakoroga uji. Kainua mikono juu: muujiza! Bibi akasema muujiza gani, nimekatwa kucha. Mwenyekiti akauliza ufagio uko wapi, akafagia nyumba nzima.

Kesho mwanawe. Moyo unanidunda utadhani ni mimi ninayehamishwa.

Jumamosi, tarehe 9 Machi
Naandika nikiwa kibarazani kwa Bibi. Mwanawe kafika saa tatu na gari la mizigo la kukodi, suti na tai. Bibi kampokea mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, anachechemea kidogo, kidevu juu. Jamaa katoa macho. Nikamweleza habari ya kucha. Akasema kila Jumapili anapiga simu, na mama kila Jumapili anasema ni mzima. Bibi akasema habari za kucha haziulizwi kwenye simu, na haendi kokote. Mwanawe akamjibu kwa upole: leo unatembea, mama, na kesho je? Nani atakuangalia?

Ulimi uliniwasha. Nikaung'ata. Saa ya mguu wa kushoto ilikuwa imefika, nikaleta beseni na kupiga magoti. Jamaa akanigusa bega: niachie, dada. Kavua koti, tai kaitupa begani, kapiga magoti sakafuni. Akaushika ule mguu, akautazama muda mrefu. Machozi yakamtoka. Bibi kajifanya hajaona. Akamwambia maji yamepoa, aongeze ya moto, na asije akakata pembeni.

Hajasema kama anaondoka naye au anamwacha. Dereva kapiga honi mara mbili, hakuna aliyeinuka. Nimetoka mimi. Kaniuliza asubiri mpaka saa ngapi. Nimemwambia ndiyo kwanza mguu umeingia majini.