Mama Clothilde, na habari tuliyomficha Gracien mlimani

Ni mwaka mzima sasa, Mama, tangu ututoke, na mumeo Severin bado hajarudi kwenye kiti chake cha mbele kanisani. Anakaa nyuma karibu na mlango, na ibada ikiisha anatoka kabla hajasalimiwa. Watu wanadhani ni huzuni. Ni huzuni kweli, lakini zaidi ni aibu, na ni yeye aliyetaka tangazo hili liandikwe hivi lilivyo.

Kazini, kwenye nyumba ya matunzo, uliwaosha wazee wa watu kwa mikono ya upole, ukawaimbia nyimbo za kwetu Uvira wasizozielewa, nao wakazipenda. Pale mtaani kwetu Vickery Meadow hakuna mkimbizi mgeni aliyeshusha mabegi yake asile sombe yako ya majani ya muhogo. Na utani wako! Jirani akikupita bila salamu ulimuuliza kama ulimi wake umebaki kambini.

Kitu ulichokichukia ni baridi. Ndiyo maana Gracien, kifungua mimba wako, alipochaguliwa kwenda na makadeti wenzake wa jeshi kujifunza kupanda milima ya theluji huko kaskazini, ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Siye tulikimbia milima ya Itombwe na watoto mgongoni, leo weye unarudi mulimani kwa kupenda? Na hakuna hata ng'ombe wa kufuata!"

"Mama, ni training tu. Tunafungwa kamba moja. Mmoja akiteleza, wenzake wanamshika."

Ukamnunulia soksi za sufu, ukamwombea, kisha ukawatangazia watu wote wa kituo cha treni kwamba mwanao anakwenda kulala kwenye barafu kama samaki.

Alikuwa huko juu, simu zao zimekusanywa na wakufunzi, presha ilipokuangusha kazini. Alikuwa ametuachia namba ya dharura, tukaibandika kwenye friji: tukipiga, watamteremsha. Hospitalini ulipata fahamu, ukamtazama Severin, ukasema, "Muite Gracien." Akakujibu, "Nitamuita." Akakaa na simu mfukoni, akidhani utapona, akiogopa kumtia mtoto wasiwasi bure. Kesho yake ukatutoka.

Hata hapo hakupiga. Kwetu habari ya kifo haipiti kwenye simu. Mtu aliye safarini hungojwa afike, apewe kiti na maji, ndipo wazee wamwambie. "Mtoto iko juu ya barafu," Severin alisema. "Tukimwambia leo, mguu utateleza, na ile kamba itavuta watoto wa wenyewe. Tungoje d'abord, ashuke kwanza." Kaka yako Émile, aliyeendesha gari toka Alief, Houston, bila kupumzika, aliitikia. Sote tuliitikia. Tuliona ndiyo mapenzi.

Ruhusa za kazi za ndugu wa Houston zilikuwa zinakwisha, tukakuzika bila yeye. Watu walipouliza mwana wa kwanza yuko wapi, Severin akasema jeshi limemkatalia. Kanisa zima likalilaumu jeshi, naye akanyamaza.

Siku iliyofuata makadeti walirudishiwa simu kwa muda mfupi, Gracien akapiga simu yako. Binti yako Josiane akaipokea mbele ya baba yake.

"Mwambie Mama nimefika juu! Yuko wapi?"

Severin akatikisa kichwa.

"Yuko kazini," Josiane akasema.

Halafu picha ikaingia. Nyusi zimeganda, anacheka meno yote nje. Waombolezaji walikuwa bado sebuleni wanakula wali.

Siku ya kurudi kwake, uwanja wa ndege tulimpelekea wazee watatu, kama ipasavyo. Alipoziona suti nyeusi alisimama, akauliza, "Ni nani?" Wakamwambia. Kisha akauliza, "Lini?" Hapo Severin akakosa pa kuweka macho.

Gracien hakupaza sauti. Alitueleza tu kwamba kadeti mwenzake alifiwa na babu, na wakufunzi walimteremsha siku ileile. "Papa, mungeniambia. Wenzangu wangenishika."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tulificha kilio chenyewe.

Mwaka huu wote Gracien ameishi mji wa jirani, Mansfield, kwa rafiki yake. Siku ya kuapishwa uofisa, mzazi ndiye humbandika mwanawe alama ya cheo begani. Severin alipiga suti yake pasi mwenyewe, akakaa akingoja kuitwa. Aliyeitwa ni Josiane. Baba mtu akapiga makofi pamoja na wengine.

Juzi alikwenda Mansfield kumuuliza mwanawe kama anakubali jina lake liwekwe pamoja na yetu kwenye kumbukumbu hii.

"Sawa," Gracien akasema. "Lakini muandike kweli. Jeshi halikukataa. Muandike yote."

Severin alishukuru, akaingia garini, akashindwa kuondoka. Hiyo "yote" haikumtoka akilini, maana Gracien alikuwa hajui kwamba uliomba aitwe. Angenyamaza, jina la mwanawe angelipata. Akazima gari, akarudi mlangoni, akamwambia.

"Mama alikuwa anaongea?" Gracien alishika mlango. "Alikuwa anaongea, na hamukuniita?"

"Ndiyo."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Muite Gracien.' Nami nikamwambia nitakuita."

Gracien alirudi ndani hatua moja. "Basi muandike hivyo, Papa. Jina langu musiliweke na yenu." Akafunga mlango polepole.

Wakufunzi tuliowasingizia, tunawaomba radhi. Wapendwa wa kanisa, pole zenu tulizipokea juu ya uongo, nanyi tunawaomba radhi. Kwako wewe, Mama, hatujui hata pa kuanzia.

Unakumbukwa na mumeo Severin, binti zako Josiane na Merveille, na kaka yako Émile pamoja na familia yake, Alief. Mwanao wa kwanza anakukumbuka pia, ila si pamoja nasi.

Tutakukumbuka daima, Mama, yeye huko, sisi huku.