Jina Nililolifuta Kwenye Orodha ya Wasomaji

Jumapili, jioni. Mvua imenyesha tangu saa nane, ile ya kwetu Malava inayoanzia upande wa msitu, na viatu vyangu bado vimelowa. Mume wangu amekaa kibarazani, amenipa mgongo. Tangu tutoke kanisani amesema nami mara mbili tu.

Si ugonjwa uliomnyamazisha leo. Ni mimi.

Wasionijua: mume wangu ni Baba Linda. Ana Pakinsoni, mwaka wa tano sasa. Daktari wa mishipa ya fahamu kule Kakamega mjini alitueleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo, hauponi, unatulizwa tu na dawa. Ulianza na mkono wa kulia kutetemeka. Halafu miguu ikawa inagoma mlangoni, kana kwamba sakafu imemshika. Halafu sauti ikaanza kushuka.

Hiyo sauti ndiyo niliyoolewa nayo. Miaka ishirini na mbili alikuwa karani wa mizani kiwandani Butali, akiita namba za trekta za miwa mpaka dereva wa mwisho kwenye foleni anasikia. Jumapili alikuwa msomaji wetu wa Neno. Alikuwa akifungua Biblia, hata watoto wanatulia.

Baada ya Pasaka mwaka huu zamu yake ilifika. Alipanda kwenda mbele, akakwama kwenye ngazi ya madhabahu. Tulingoja. Mguu ulipokubali, akasoma zaburi kwa sauti ndogo kama ya mtu anayejisemesha. Mtu mmoja nyuma akasema, "Sauti, mzee." Vijana wawili wakacheka. Yeye akaendelea mpaka mstari wa mwisho, akafunga kitabu taratibu, akarudi kuketi kando yangu.

Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Si kwa kuomba.

Wiki hiyo nilimfuata Mzee Shivachi, karani wa kanisa, nikamwambia Baba Linda anaomba apumzishwe kusoma. Nilisema "anaomba". Hakuwa ameomba kitu. Mzee Shivachi akasikitika, akatoa kalamu, akakata jina. Nilirudi nyumbani nikijisifu kwamba nimemwepushia mume wangu aibu.

Leo nakubali kuandika kwamba aibu ilikuwa yangu.

Kibaya zaidi ni kilichofuata. Daktari wa mazoezi alimwambia asome kwa sauti kila siku ili koo lisilale. Basi kila asubuhi, dawa ikishashika, Baba Linda anasimama nyuma ya nyumba, anashika mti wa kamba ya nguo na kuisomea migomba. Anasoma Isaya. Anarudia mistari ile ile akijiandaa kwa zamu yake. Mimi naosha vyombo pale jikoni nikimsikia. Mara moja aliniuliza, "Leo umenisikia mpaka huko?" Nikamwambia ndiyo. Miezi yote hiyo nilimwacha ajiandae kwa siku niliyojua haiji.

Ningeweza kumwambia asubuhi yoyote. Sikumwambia.

Leo baada ya ibada alimsimamisha Mzee Shivachi pale nje, penye bomba la maji. Nilikuwa hatua tatu tu, namsalimia mama mmoja wa kwaya.

"Mzee," Baba Linda alimwuliza, "zamu yangu imepotelea wapi?"

Mzee Shivachi alishangaa. "Si wewe ndiye ulisema umechoka? Mama Linda alituletea hayo maneno."

Baba Linda aligeuka, mwili wote kwa pamoja, kama anavyogeuka siku hizi. Akaniangalia. Uso wake hauonyeshi tena mambo. Ugonjwa umeukaza, akifurahi ni ule ule, akiudhika ni ule ule. Nilitafuta hasira pale, sikuona hata hiyo. Alisema tu, "Haya, mzee," akaanza kutembea.

Nyumbani nilijaribu kujieleza. Nilisema nilimwonea huruma. Nikasema vijana walicheka. Maneno yangu yalikuwa mengi, na yeye aliyangoja yaishe. Kisha akasema polepole, kila neno nikalisikia:

"Mguu, ugonjwa ulichukua. Mkono, ugonjwa ulichukua. Sauti ni wewe umechukua."

Nilichukua mwavuli nikatoka. Upepo uliupindua kabla sijafika barabarani. Nilimkuta Mzee Shivachi kwake akinywa chai na mkewe, nikasimama mlangoni nikichuruzika maji, nikasema yote: kwamba mume wangu hakuomba kupumzika, kwamba nilidanganya, kwamba anajizoeza kila asubuhi. Mkewe aliniletea kiti. Sikuketi.

Mzee aliweka kikombe chini, akasema kwa upole, "Mama Linda, sisi tungengoja tu. Hakuna mtu alikuwanga na haraka ya kwenda nyumbani."

Angenikemea, ningeumia zaidi ya hapo? Sidhani.

Akafungua daftari lake, akasema Jumapili ya pili ijayo nafasi ipo, Baba Linda ampe jibu kufikia Jumatano. Nilirudi karibu nikikimbia. Nilimsimulia Baba Linda kama mtu aliyeleta zawadi: nimekwenda, nimekiri, nafasi nimekupatia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Nani alikutuma?"

Mchana ule ule niliokuwa naomba msamaha kwa kumwamulia, nilikuwa nimetoka mbio kwenda kumwamulia tena. Hata sikumwuliza kama bado anataka kusoma mbele ya watu wale. Labda anataka. Labda nimemkatia hamu yenyewe. Miaka hii mitano nimemfunga vifungo vya shati, nimemkatia nyama ya ingokho, kuku wetu wa kienyeji, nimemmalizia sentensi akiwa bado anatafuta neno. Mahali fulani katikati ya kumsaidia niliacha kumwuliza, na siwezi kukumbuka ni siku gani.

Dakika chache zilizopita nimeandika namba ya simu ya Mzee Shivachi kwenye karatasi, kwa tarakimu kubwa, nikaiweka mezani karibu na miwani yake. Nimeiangalia. Nimeichukua, nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Namba ya Mzee Shivachi anaijua kwa kichwa. Simu anayo. Kuna siku tatu mpaka Jumatano, na mimi nitakaa nazo nikiwa nimefunga mdomo.