Anayefua Nikiwa Kazini

Jumatatu, 16 Juni
Nimefua alfajiri kabla ya kazi, kama kawaida. Wiki ya tatu tangu nihamie hapa Ipagala. Nyumba hii niliipendea kitu kimoja: mashine ya kufulia iko ndani, jikoni. Kwa upepo huu wa Dodoma, nguo ukianika nje unaanua vumbi.
Jioni nimefungua mashine. Mpira wa mlango umelowa. Asubuhi niliufuta. Nina hakika.

Jumatano, 18 Juni
Sabuni ya unga imepungua. Naishi peke yangu. Kazi yangu ni maabara, nimezoea kuona vitu vidogo.
Mama Zuhura, mwenye nyumba, anakaa na mumewe nyumba ya nyuma. Ufunguo wa pili anao yeye. Leo getini kaniuliza, "Mwanangu, kesho unarudi saa ngapi?" Anataka kujua ya nini? Nimemwambia saa kumi na mbili.

Alhamisi, 19 Juni
Asubuhi nilibana uzi mlangoni. Jioni nimeukuta sakafuni. Nimehesabu nguo zangu za ndani. Zote zipo. Sijatulia hata hivyo. Huyu mama simpendi. Tabasamu lake silipendi.

Jumatatu, 23 Juni
Nimeomba ruhusa kazini, nikarudi saa sita mchana bila kumwambia mtu. Mlango haukufungwa. Mashine inazunguka. Mama Zuhura kakaa kwenye kigoda, beseni la mashuka miguuni.
Nilikuwa na maneno mengi. Lililotoka ni moja: "Shikamoo."
"Marahaba," akaitikia, bila kuinua macho. Kisha: "Mzee anakojoa kitandani. Tangu apate kiharusi. Alikuwa mwalimu mkuu, nusu ya mtaa huu kaifundisha yeye. Kaniapisha mashuka yake yasionekane kwenye kamba."
"Si ungeniambia, mama?"
"Ningekuambia, ungejua."
Hasira haikuondoka. Nikamwomba ufunguo. Akauweka mezani, akazima mashine, akatoa mashuka, akajitwika beseni, maji yakimchuruzika begani.

Jumanne, 24 Juni
Ufunguo ninao. Ndicho nilichotaka. Naona aibu. Lakini aliingia kwangu bila ruhusa, nalo ni kweli.
Nimerudi jioni, nimemsikia anafua kwa mkono bafuni kwao, mlango umefungwa. Anafikicha, anapumzika, anafikicha tena. Vidole vyake vimekakamaa, nilivitazama jana.

Jumamosi, 28 Juni
Nimekwenda nyumba ya nyuma, nikapiga hodi. Nimemwambia Mama Zuhura alete mashuka kila jioni nikisharudi. Tutaanika sebuleni kwangu, pazia limefungwa. Ufunguo sikumrudishia. Hakuuliza.
Mzee alikuwa kwenye kiti, kanzu nyeupe, blanketi magotini. Nikamwamkia. Akataka kujua mimi nani.
"Mpangaji wenu, mwalimu."
"Nyumba inakufaa?"
Nilimtazama Mama Zuhura. Alikuwa anatazama chini.
Nikasema inanifaa.