Sahani Uliyoiacha Chini ya Kawa

Kaka Salum,

Kuna jambo sijamwambia mtu, si Mama, si shoga yangu yeyote: siku ile ulipomleta mwalimu wako nyumbani kwetu Temeke, nilisikia kila neno mlilosema. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango wa uani, nimeshika birika na bakuli la kunawia, nangoja mnitume. Ulidhani mie bado ni yule mtoto wa kusema "gudi moningi" halafu kukimbia. Umesahau kwamba miaka yote uliyokuwa ukisoma huko Uganda, na mie nilikuwa nasoma. Asubuhi Kiingereza shuleni, jioni Kiswahili nyumbani. Naona haya kusema mbele za watu, ni kweli. Lakini haya haizibi masikio.

Sikuandika "mpendwa". Nililijaribu neno hilo hapo juu, halikukaa.

Unalikumbuka sinia letu? Tangu Baba alipofariki tulikuwa watatu tu mkekani, wewe, mie na Mama. Mwaka wa mtihani wako Mama alikuwa akichimba kijia kwa kidole katikati ya wali, mchuzi ukateremkia upande wako. Vipande vya samaki navyo vilikuwa vikisafiri, hujui vimefikaje mbele yako. Siku moja ulimwona, ukamshika mkono.

"Mama, kula na wewe."

"Kula baba, mie nimeonjaonja huko jikoni mpaka nimeshiba."

Ukala. Sikulaumu kwa hilo, maana na mie nilikula. Kwenye sinia hakuna anayejua nani kala kiasi gani. Ndiyo raha yake, na ndipo Mama alipojificha.

Ulipochaguliwa kwenda kusomea chakula na afya ya binadamu, Mama Zuhura wa nyumba ya pili alishika mbavu. "Kula nako kwasomewa? Basi mie profesa!" Wewe ukanikalisha barazani ukanieleza kwamba dagaa na maharage hujenga mwili, kwamba mchicha huongeza damu, kwamba mtu anaweza kushiba wali kila siku na bado mwili wake ukawa na njaa. Nilikupenda sana siku ile, Kaka. Likizo iliyofuata ukaniachia kitabu chako cha zamani, nikakisoma kwa kamusi, jani kwa jani. Humo ndimo nilimosoma kwamba mwili ukikosa cha kula huanza kujila wenyewe. Nikainua macho nikaitazama mikono ya Mama, alikuwa anapepeta mchele.

Halafu ukaja na mwalimu wako, yule Mzungu, na mizani. Gari lenu likazama mchangani, watoto wa mtaa mzima wakalisukuma kwa nyimbo. Ulikuwa umemwambia Mama apike kama siku zote. Akapika wali wa nazi na samaki changu, maana kwake mgeni hapikiwi ugali wa muhogo. Mama Zuhura akachungulia uani. "Ebo! Chakula chapimwa kama karafuu!" Mama akamjibu, "Mwache mwanangu afanye kazi yake."

Nani mwingine Temeke nzima angekubali chungu chake kipimwe kabla hakijaliwa, na watu wanavyoogopa kijicho? Wengine wangekufukuza na mizani yako. Ulilijua hilo. Ndiyo maana ulikuja kwa mama yako.

Mzungu akataka kujua kila mtu anakula kiasi gani, ukamwambia Mama agawe kwenye sahani. Akagawa tatu, yake, yangu na yako. Yako ilikuwa mlima. Mzungu akauliza, kwa upole kabisa, hiyo ya tatu ni ya nani. Ukajibu kwa Kiingereza, "Ni desturi yao. Mgeni lazima wampakulie."

Desturi yao! Mama, asiyejua linalosemwa, akakusogezea. "Kula mwanangu, umekonda." Mzungu akataka kujua amesema nini, ukamfasiria. Akashangaa. Mbona anakuita mwanangu? Mie huko nyuma ya pazia nikasogeza sikio. Ukacheka kidogo. "Wazee wa hapa humwita kila kijana hivyo."

Ni kweli, humwita hivyo. Ndiyo maana uongo wako ulikaa vizuri.

Kisha Mzungu akaionyesha sahani ya Mama, nyepesi kuliko zote. Kwa nini mama huyu anakula kidogo hivi? Nawe hukufikiri hata kidogo. "Ujinga tu. Wanawake hawa hawajui mwili unahitaji nini." Huo ulimi uliosema hivyo ulikuzwa na nini, Kaka?

Mlipoondoka, Mzungu aliinama akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Asante sana, mama." Yeye alimwita mama. Wewe uliaga kama mtu anayetoka dukani. Sahani yako hukuigusa. Mama akaifunika kawa akakaa nayo mpaka magharibi, akidhani utamfikisha mwalimu wako hotelini mjini kisha urudi ule. Mama Zuhura hakunyamaza. "Shoga, mwanao kakikimbia chakula. Ulikitia limbwata?" Mama akacheka. "Ana kazi nyingi, masikini." Asubuhi wali umechacha, akawamwagia kuku.

Tangu hapo huko bombani wanawake hawapumui kwa majivuno ya Mama. "Mwanangu alimleta mwalimu wake kwangu, wakapima chakula changu." Kila nikitaka kumwambia, naona uso utakavyomshuka, nanyamaza. Usidhani nimekusitiri wewe.

Sasa umeandika kwamba mwezi ujao unakuja tena, na mwalimu na wenzako wawili, tuandae kama siku ile. Mama amekwenda mpaka Chanika kwa dada yake kuomba jogoo. Leo kanikalisha kitako nikuandikie majibu. "Mwambie aje. Mwambie mama yako anakungoja kwa mikono miwili." Nimeyaandika hayo kwa karatasi yake, neno kwa neno. Hii ni yangu.

Sikiliza basi. Ukija, kabla ya kugusa mizani, utamshika Mama mkono na kuwaambia wote kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye aliyekuzaa. Mie nitakuwa nimesimama papo hapo mbele, si nyuma ya pazia. Usiposema, nitasema mie, ambaye nikiitwa kusoma darasani hutetemeka mpaka kitabu kikaanguka. Nitaanza na wao kwa Kiingereza, kisha nitamgeukia Mama nimfasirie yote, la desturi, la kila kijana, la ujinga. Najua nitamuumiza. Nimelia kwa ajili ya hilo na nimekwisha kulia. Ukiona huwezi, usije, mwambie una mtihani. Atakuamini. Wewe anakuamini siku zote.

Na jambo jingine. Mwalimu wangu anasema nikifaulu naweza kuisomea elimu hiyohiyo yako. Nitaisomea. Usijipe sifa, sikufuati wewe. Nataka siku akitokea mtu wa kuuliza kwa nini mama wa Temeke anakula kidogo, awepo wa kumjibu sawasawa.

Salamu zimo kwenye karatasi ya Mama, humu usizitafute. Baki na afya yako njema, maana kuna aliyeitoa mwilini mwake akakupa.

Mdogo wako wa tumbo moja.

Mitalawanda ya Mama hiyo inagonga ukumbini, anakuja. "Umemaliza? Hebu nisomee nisikie." Naificha hii chini ya ile yake. Nitamsomea ya juu. Bahasha ni moja.