Nati Sita za Lori la Baba

Jumatatu, 14 Julai

Nimemlisha Baba uji, nimemgeuza, nimefua shuka zake. Kisha lori. Bado pancha, gurudumu la mbele, upande wa kushoto, na limekaa katikati ya njia ya msikitini. Majirani wa hapa Jomvu Kuu wanapita ubavu ubavu, kanzu zinapakaa kutu. Leo imamu kaja kuniambia kwa upole kwamba Ijumaa njia iwe wazi. Upole huo ndio unaouma.

Kaka yangu Mahmudi hana upole. Ati gurudumu lisipotoka kufikia Ijumaa, analeta watu wa vyuma chakavu walikatekate lori papo hapo. "La kuvunda halina ubani," kasema, tena mbele ya Baba. Kiharusi kilimchukua Baba ulimi na mkono wa kulia. Masikio hakikuyagusa. Kutwa anakaa kizingitini akilitazama lori aliloliendesha maisha yake yote. Likiondoka, naogopa ataondoka nalo.

Jumanne, 15 Julai

Nati sita. Hakuna hata moja iliyosogea. Nimezimwagia mafuta ya taa. Nimezigonga nyundo. Nimepanda juu ya spana kwa uzito wangu wote, na wallahi mimi si mwepesi. Kimya. Nimezitukana. Nimetubu. Nimezitukana tena.

Kukwangua kutu, nikaona herufi L kwenye ncha ya boliti. Mahmudi akacheka mpaka akashika mbavu. Ati hiyo L ya mwanagenzi, kama zile za gari za shule ya udereva, imebandikwa kwa ajili yangu. Mpuuzi.

Jioni nimemweleza Baba kwamba nati zimekataa. Kainua mkono wa kushoto, kanitolea. Nikaushusha taratibu. Kauinua tena. Baba huyu, aliyetufinya masikio utotoni kwa kupokea tende kwa kushoto! Akili nayo inamtoka. Nimeingia ndani nikalia.

Jumatano, 16 Julai

Fundi wa tuktuk kaja na bomba la kurefushia spana. Kavuta kuelekea kushoto, kama zifunguliwavyo nati zote duniani. Spana ikateleza. Pembe za nati moja zikalika, sasa ni mviringo, haishikiki. Vidole vimemchubuka. Kaondoka bila kuaga.

Adhuhuri wageni wakaja kumjulia Baba hali. Akawanyoshea mkono ule ule wa kushoto, akauzungusha hewani. Nikaufunika kwa kikoi haraka haraka. Aibu iliyonishika! Wakanitazama kwa huruma, na huruma yao siitaki. Walipotoka, Baba akakipiga kikombe cha uji kikaruka hadi uani.

Alhamisi, 17 Julai

Baba kagoma kula. Nati zimegoma. Mahmudi kashapiga simu kwa watu wake wa vyuma, watakuja kesho baada ya swala. Nimechoka na kila kilicho chuma na kila aliye kichwa kigumu, na nyumba hii imejaa vyote.

Ijumaa, 18 Julai

Siamini.

Asubuhi nilikuwa namvisha kanzu. Akatoa tena mkono ule. Nikamkemea, Mungu anisamehe: "Baba, huo ni wa kushoto!"

Akanidaka mkono, akaung'ang'ania. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, machozi yanamtiririka. Akaniachia, akaelekeza kidole kwenye gurudumu. Kisha akazungusha kiganja hewani, polepole, kuelekea kulia.

Kushoto. Neno lenyewe ndilo alilokuwa akinipa wiki nzima, nami namshusha mkono kama mtoto asiye na adabu. Na ile L ni ya lefti, si ya mwanagenzi! Nati za upande huo wa lori zimegeuzwa, zafunguka kule ambako nyingine zafungwa. Ina maana siku zote hizi tulikuwa tunazikaza. Mimi na uzito wangu wote!

Nikatoka mbio na kanga ya ndani. Nikaikandamiza spana kuelekea kulia. Nati ikatoa mlio mbaya, ikasogea. Nikapiga ukelele, jirani akadhani Baba amefariki.

Tano zikatoka. Ile iliyolika tukaipiga tindo kwa zamu, mimi na Mahmudi, bila kusemezana. Watu wa vyuma wamefika na mtungi wao wa gesi, wakakuta tairi jingine limeshafungwa. Wanaume waliotoka msikitini wakalisukuma lori hadi kiwanjani, pale ambapo Baba analiona akiwa kizingitini. Mahmudi kasukuma kuliko wote. Hakunitazama usoni, nami sikumlazimisha.

Jumapili, 20 Julai

Manyunyu alfajiri. Njia nyeupe. Baba kamaliza uji.

Tangu augue nilikuwa namwamkua kwa kuuokota ule mkono wa kulia usio na uhai. Naubusu, naurudisha mapajani. Wa kushoto nikiuacha pembeni, kwani wa kushoto haubusiwi.

Leo nimesema shikamoo, nikaushika wa kushoto, nikaubusu. Ulikuwa na joto. Baba akaunyosha mkono huo huo, akanifinya sikio.