Vidonge Viwili Kwenye Chai ya Baba Yako

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini barua hii itakukuta una nguvu, wewe na mumeo na huyo mgeni wetu mdogo. Kitovu kimekauka vizuri? Maziwa yanatosha? Usimfunike mno, mtoto naye husikia joto. Najua unasema mama ameanza. Mama hajaanza, mama hajawahi kuacha. Sisi huku tupo. Mwandiko wangu ni uleule wa darasa la nne, soma taratibu, ukikwama rudi nyuma.

Mgongo wangu uliouulizia umepona. Ilikuwa kulekule kwenye kazi yangu ya kufua, nyumba ya wageni. Niliinua beseni la mashuka yaliyolowa, nikasikia kiuno kimekatika kama uzi, nikabaki nimeinama palepale, wenzangu wakicheka wakidhani natafuta kibanio. Zahanati walinipa vidonge vya kulegeza misuli, vya siku saba. Muuguzi alinieleza polepole kama anayemfundisha mtoto: kimoja tu, jioni, na nikishameza nisishike moto, kisu wala mashine, maana vinaleta usingizi na kizunguzungu. Kweli, nililala kama gogo. Siku ya tatu nikaamka nimenyooka, vilivyobaki nikaviweka kabatini nyuma ya chumvi. Mwanamke hatupi dawa.

Wiki mbili baadaye kiuno kikamshika baba yako. Kazi yake unaijua, kusukuma magogo kwenye msumeno wa kupasua mbao. Alirudi anatembea ubavu kama kaa. Nikamwambia aende zahanati, akasema kiuno kilichoingia kwa kazi kitatoka kwa kazi, na msimamizi akijua ana mgongo mbovu atamweka mtu mwingine. Nikampa vidonge vyangu, akavisukuma kando kwa kijiko, akasema hizo ni pipi za wazee. Unamjua baba yako, ukimvuta anarudi nyuma kama mbuzi.

Yaliyofuata umeyasikia kwa kaka yako. Umesikia kwamba asubuhi yake baba yako alisimama kwenye mashine anayumba, ulimi mzito, gogo likaenda kombo, na mwenzake, yule wanayemwita Kinyonga kwa mwendo wake, akapoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Umesikia pia kwamba msimamizi alimshika baba yako kidevu mbele ya watu, akamnusa mdomo, asisikie harufu ya pombe, akasema walevi wa siku hizi wanajua kutafuna karafuu. Wakamfukuza siku hiyohiyo. Aliapa kwamba hajagusa chupa mwaka wa sita sasa. Nani amwamini? Mtu aliyewahi kuwa mlevi akijikwaa ni pombe, akicheka ni pombe, akinyamaza ndiyo kabisa.

Wala wewe sikulaumu. Ni wewe uliyekuwa ukimvua viatu akiangukia mlangoni, na meno yako ya utoto yalikuwa hayajaisha kung'oka. Ndiyo maana ulituma neno kwamba hatampakata mjukuu wake mpaka aache chupa. Kaka yako alimfikishia neno hilo hapa sebuleni. Baba yako alisema sawa. Tangu hapo anafagia uwanja ambao umeshafagiliwa.

Sasa mwanangu, kama umesimama, kaa chini. Mlaze mtoto kwanza.

Baba yako hakulewa. Ni mimi. Asubuhi ile nilisaga vidonge viwili kwa mgongo wa kijiko nikavitia kwenye chai yake. Viwili, kwa kuwa mwili wake ni mara mbili ya wangu, na hesabu niliyoijua ni hiyo. Nikaongeza sukari kuficha uchungu. Akanitania kwamba leo chai imekolea, kuna nini, au nataka kuolewa mara ya pili. Nami nikacheka. Siwezi kusema sikuambiwa, muuguzi aliniambia. Nilijidanganya kwamba usingizi ule ni wa jioni, kwamba mwanamume akiwa kazini hasinzii. Nilitaka anyooke tu, asinyang'anywe mashine yake.

Na hilo silo baya kuliko yote. Walipomleta nyumbani, kaka yako aliniuliza kama amekunywa. Nilijua ni nini. Ningesema palepale. Badala yake nilimwendea mume wangu nikainama, nikamnusa mdomo kama msimamizi alivyomnusa, kisha nikanyamaza. Aliniangalia. Huu ni mwezi wa pili naishi na macho yale.

Jana nilimwambia. Hakunipiga, hakufoka. Aliuliza kama vilikuwa viwili au vitatu. Halafu akasema nisikuandikie, maana kwa sasa umekosa baba tu, ukijua utakosa na mama, na mzazi mpya hawezi kukaa bila mama. Hiyo ndiyo adhabu aliyonipa, mwanangu. Afadhali angenichapa kofi. Nimemkaidi, kama nilivyomkaidi siku ile ya chai. Kesho nitakwenda kwa msimamizi, kisha kwa Kinyonga, ingawa sijui mtu anaombaje radhi ya vidole. Kazi hawatamrudishia, mashine imeshapata mtu. Lakini wajue.

Nisalimie mumeo sana. Mbusu mtoto, mpake mafuta mgongoni taratibu. Ukija, mpe babu yake ampakate, hata kama mimi hutaki kuniona. Nitakaa jikoni. Nikimsikia mtoto akilia huko sebuleni, itanitosha.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama yako.