Draiva ya Marehemu Kaka na Kazi ya Nesi Sabina

Bi Shufaa, shikamoo. Naomba msaada wako kwa sababu nimebeba jambo ambalo hata nikipiga magoti kanisani halishuki, mimi ni fundi wa kompyuta hapa Ipogolo, majina yote nimeyabadili, na ofisi hii aliianzisha kaka yangu Philbert aliyefariki mwaka jana kwa ajali akitoka Mbeya, akaacha mke, wifi yangu Yusta, na watoto wadogo.

Zahanati za huku zilipewa kompyuta zilizotumika, na kadi zake za mtandao mtengenezaji alishaacha kuzihudumia, basi kaka akakaa akaandika draiva mwenyewe, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi, zahanati zikaanza kuwasiliana na daktari wa zamu mjini, na baba yetu mpaka leo anawaambia wageni, "Zahanati zinaongea kwa sababu ya mwanangu."

Sasa kadi hizo chipu yake ni moja lakini zinaunganishwa kwa njia mbili, nyingine zinachomekwa ndani kwenye ubao wa kompyuta, nyingine nje kwa USB, na kaka alianza na zile za ndani, halafu akanakili programu nzima akairekebisha iendane na USB, zikawa draiva mbili, na baadaye akagundua kwamba kompyuta ikilala kuokoa umeme wa sola kisha ikaamka, kadi inaonyesha mtandao upo kumbe haitumi kitu, akasahihisha draiva ya kadi za ndani, ile ya USB ikabaki na ubovu wake, labda alisahau, labda kifo kilimuwahi.

Zahanati moja upande wa Madibira inatumia USB. Mwezi uliopita mama mmoja, Tusajigwe, alifika hapo uchungu ukiwa umekwama, nesi Sabina akaandika kwa daktari kuomba gari, kompyuta ikaonyesha mtandao upo, akasubiri huku akimhudumia mgonjwa, simu huko haishiki, na mlinzi alipoamua kupanda pikipiki kwenda kutafuta gari muda ulikuwa umekwenda. Mama alipona. Mtoto alifariki.

Sabina akasimamishwa kazi kwa sababu daktari hakupokea ujumbe wowote, ikasemwa hakutuma. Kompyuta ikaletwa kwangu, nikailaza, nikaiamsha, nikatuma ujumbe, haukuondoka, nikarudia, vilevile, nikakaa chini nikalia, halafu nikairekebisha.

Nilipomwambia Yusta akasema, "Si umeshatengeneza? Basi nyamaza. Wanangu wamebaki na jina la baba yao tu, nalo unataka kulitupa?" Baba akasema, "Mwanangu amepumzika. Asisumbuliwe."

Jumapili nilikwenda kumwona Sabina, nikamkuta anamenya viazi kwa dada yake, akaniuliza, "Dada fundi, kompyuta ilikuwa nzima kweli? Au ni mimi nilibonyeza vibaya? Maana sasa hata sijiamini." Nikamjibu, "Bado naangalia." Bi Shufaa, nilikuwa nimeshamaliza kuangalia, na kamati ya kuamua hatima ya kazi yake inakaa wiki ijayo, nifanye nini?

Dada wa Marehemu, Iringa

*

Dada wa Marehemu, marahaba, na pole sana kwa msiba. Pole hiyo natoa kwa moyo wote, kwa sababu maneno yanayofuata ni makali.

"Bado naangalia." Ulimwambia hivyo mtu aliyeanza kuitilia shaka mikono yake mwenyewe, mikono inayozalisha wanawake! Umetengeneza kompyuta, Sabina umemwacha ameharibika. Hapo umekosea, na sitakupaka mafuta.

Kaka yako hana aibu yoyote hapa. Alifanya peke yake kazi iliyohitaji watu wengi, akafa haijakamilika. Anayeficha leo ni wewe. Wifi yako anaogopa kwa ajili ya wanawe, namwelewa, lakini watoto hao watakua, na siku moja watausikia ukweli huu kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo, leo hii nenda kwa Sabina umwambie kwamba alituma. Kisha waambie baba na wifi kwamba utazungumza. Unawaarifu, huwaombi ruhusa. Mbele ya kamati beba kompyuta yenye draiva ya zamani, ilaze, iamshe, watume ujumbe wenyewe waone kwa macho yao.

Zahanati nyingine zote zenye kadi za USB zijulishwe sasa hivi zisiache kompyuta kulala mpaka uzifikie. Na acha kutunza draiva mbili. Nimemuuliza mpwa wangu Farhan, anayefanya kazi hizi hapa Mbeya. Anasema mambo ya kadi yenyewe, pamoja na namna ya kulala na kuamka, yaandikwe mahali pamoja, halafu kila njia, ya ndani na ya USB, iwe na kipande chake kidogo cha kuunganisha tu. Hapo ukisahihisha kosa la kadi, umesahihisha kwa zote. Unaogopa utafuta kazi ya kaka? Mwandike jina juu kabisa ya programu, na lako chini yake.

Limebaki moja. Katika barua yako yote, Tusajigwe umemtaja mara moja tu. Nani amemweleza kwa nini msaada ulichelewa? Panda gari uende Madibira. Huko hakuna cha kurekebisha. Keti naye, mwambie ukweli wote, na akilia usimkatishe.